Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Saa kumi na dakika ishirini chai ilikuwa imeshafanya utando, na Mwalimu hajafika.

Fundi alikikodolea macho kile kikombe kana kwamba ndicho kilichomchelewesha mwenzake. Kwa miaka kumi na tisa, kila siku ya shule, Mwalimu alikuwa akitoka darasani saa kumi kasorobo, anapita kwake kuweka mkoba, kisha anaingia kwa Fundi kwa mlango wa jikoni. Habishi hodi. Hajawahi kubisha hodi. Anavua viatu, anasema "Miguu yangu jamani," anavuta kigoda kilichoko kando ya cherehani, na kabla chai haijapoa ameshashika wembe na nguo yoyote inayotaka kufumuliwa. Kushona hakuwahi kujua, lakini kwa kufumua alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi ya mkono. Wateja wote walijua kigoda kile ni cha nani.

Mtaani mafundi walikuwa wengi, wa bomba, wa umeme, wa magari, lakini ukisema "nenda kwa Fundi" kila mtu alijua ni yule mama wa cherehani, mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Alikuwa na jicho. Mteja akiwa bado getini, Fundi alishajua kifua chake ni inchi ngapi, na kama amenenepa tangu mwaka jana alijua hilo pia, na akilijua alilisema.

Saa kumi na nusu akasikia kicheko.

Mwalimu alikuwa na vicheko viwili. Kimoja cha adabu, cha kuchekea wazazi wa wanafunzi. Cha pili kilitoka tumboni, kikapanda kwa kishindo, kikaishia na mkoromo puani ambao yeye mwenyewe aliuonea haya. Hicho cha pili Fundi alikuwa akikihesabu kuwa mali yake. Sasa alikisikia kikitoka nyumba ya tatu, ile yenye geti la kijani, kikakoroma kule kule mwisho wake bila haya yoyote. Fundi aliimwaga chai kwenye sinki na kuosha kikombe kwa nguvu ambazo kikombe hakikustahili.

Kwenye nyumba ya geti la kijani alikuwa amehamia mama mmoja mwokaji wa keki, hajatimiza hata miezi mitatu, na mtaa ulikuwa umeshambatiza Mama Keki. Alioka keki za harusi na za siku za kuzaliwa kwa oda. Kutwa nzima alivaa aproni pana kama hema, yenye mifuko minne, na unga kwenye nyusi, na alisalimia watu kana kwamba kitovu chake kimezikwa mtaani hapo. Siku aliyohamia alipeleka kipande cha keki kila nyumba. Fundi alikula chake, akala na cha mumewe, kisha akatangaza kwamba kina sukari nyingi.

"Kipya kinyemi," alisema mumewe jioni ile, alipoelezwa habari ya kicheko. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, na alirudi nyumbani kila siku na nywele za rangi tofauti. Siku hiyo zilikuwa na madoa ya njano.

"Ingawa kidonda," Fundi akamalizia.

"Mimi kidonda sikukitaja. Nimesema kinyemi tu. Na keki ile ilikuwa nzuri, ila sikuionja."

Fundi alikuwa na wivu, na alijua ni wivu, na kulijua hilo hakukumsaidia hata kidogo. Wivu wa mume angeuelewa, wenzake wangemwelewa pia, wangekuja kukaa naye na kumtukana huyo mwanamke wa nje. Lakini utamwambia nani kwamba unamwonea mtu wivu kwa sababu ya rafiki? Mtu mzima, mama wa watoto wawili waliokwisha kuoa, unakaa dirishani kuhesabu dakika kama msichana wa shule aliyebadilishiwa dawati.

Siku moja Mwalimu alimleta. Waliingia wote wawili kwa mlango wa jikoni, wakichekea jambo lililoanza njiani, na Mama Keki, bila kujua kigoda kile ni cha nani, akavuta kigoda na kukaa.

"Dada, hicho kina mguu mbovu," Fundi alisema haraka. "Kaa kwenye kochi, usije ukaanguka bure."

Mama Keki akaruka, akashukuru, akaenda kwenye kochi. Mwalimu alikitazama kigoda alichokikalia miaka kumi na tisa pasipo kutikisika.

"Mguu mbovu? Tangu lini?"

"Tangu jana."

Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akakaa juu ya kigoda chenyewe, mzima mzima, na hakikulia.

Wiki ile ile gauni la Fundi la kahawia lilipotea kwenye kamba. Gauni lenyewe halikuwa la kuibwa. Lilikuwa la kila shughuli, misiba na sherehe, kwa sababu Fundi alikuwa na ugonjwa wa mafundi: kila sherehe ikikaribia aliapa kwamba safari hii atajishonea jipya, kisha oda za watu zingemzidi, na asubuhi ya shughuli angeonekana na kahawia lake, akiwa amewapendezesha wote isipokuwa yeye mwenyewe. Kinyozi hajinyoi. Alilianika Jumanne, jioni hakuliona, na Jumatano asubuhi likawa limerudi kambani, limebanwa kwa vibanio vya mbao. Vibanio vyake yeye vilikuwa vya plastiki.

"Ni upepo," alisema.

"Upepo wenye vibanio vyake," alisema mumewe.

Lakini Fundi alikuwa na mambo makubwa zaidi ya kununia, na hilo akaliacha lilivyo.

Alhamisi Mwalimu alikuja saa kumi kamili, mwenyewe, na mfuko mkubwa. Fundi moyo ulimfunguka kiasi cha kumwekea chai vijiko vitatu vya sukari badala ya viwili. Mwalimu akamwaga kitambaa juu ya meza ya kukatia. Kilikuwa cha kijani kilichokolea, chenye maua meupe madogo, kizito, kinachoanguka vizuri. Fundi alikipitisha kati ya vidole na kujua kwamba mwenzake amejinyima ili kukinunua.

Kilikuwa cha mahafali. Binti wa Mwalimu, mtoto wake wa pekee, alikuwa anamaliza chuo cha uuguzi, na sherehe ingefanyika Jumamosi ya wiki ijayo. Mtoto yule alilelewa chini ya meza hiyo hiyo ya kukatia. Hapo alitambaa, hapo alisimama dede, na hapo alimeza kifungo cha koti la mteja, na hawa wanawake wawili wakakaa siku mbili wakichokoa kinyesi chake kwa kijiti mpaka kifungo kikatoka. Mwalimu alikuwa akifundisha zamu mbili enzi hizo, na aliyembeba mtoto mgongoni huku akikanyaga cherehani ni Fundi. Mpaka leo alimwita mwanangu, na binti aliitika.

"Nataka magauni mawili, sare," Mwalimu alisema. "Moja langu, vipimo unavyo. La pili lishone kwa vipimo hivi." Akatoa kikaratasi.

"La nani?"

Mwalimu alitabasamu, akatazama dirishani. "La mtu muhimu. Utamwona siku hiyo hiyo."

"Nitamshoneaje mtu sijamwona?"

"Vipimo si hivyo? Shona, mwenzangu. Maswali baadaye."

Alipoondoka, Fundi alikishika kikaratasi na kukisoma. Kifua arobaini na mbili. Kiuno arobaini. Nyonga arobaini na sita. Mwandiko haukuwa wa Mwalimu, maana Mwalimu aliandika herufi za duara kama za ubaoni. Akakigeuza. Nyuma, kwa mwandiko ule ule, paliandikwa: unga kilo tatu, mayai kumi na mawili, siagi.

Fundi alikaa kitini taratibu.

Kwa hiyo ni yeye. Siku ya mtoto aliyembeba mgongoni, huyu wa miezi mitatu ndiye atakayesimama kando ya Mwalimu kwa kitambaa kimoja. Na wanaovaa sare siku ya mtoto, kila mtu anajua maana yake: mtoto huyu ni wetu sisi. Naye Fundi atakuwa nyuma, na kahawia lake, akipiga makofi. Na zaidi ya hapo, wamempa yeye alishone gauni lenyewe! Kikulacho ki nguoni mwako, alisema kwa sauti, chumbani peke yake, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Alianza na gauni la Mwalimu, akalishona kama kawaida yake, vizuri. Kesho yake mchana akafikia la pili. Mumewe alikuwa amekaa mlangoni akikwangua rangi kwenye kucha.

"Arobaini!" Fundi alimwambia. "Umesikia? Kiuno arobaini. Hiki si kiuno, hili ni pipa la maji. Ndiyo maana kutwa yuko ndani ya aproni. Amekula keki zake mwenyewe huyu."

Mumewe alimtazama mkewe, akamtazama juu mpaka chini, polepole, kisha akarudi kwenye kucha zake.

"Arobaini si mbaya," alisema. "Mwanamke lazima ashikike."

"Hukuulizwa."

"Haya. Nimenyamaza."

Sasa, kuna jambo moja ambalo Fundi hakuwahi kulivunja tangu siku aliyokalishwa mbele ya cherehani akiwa msichana. Ndani ya kila mshono wa ubavu aliacha akiba ya vidole viwili vya kitambaa. Mwili wa binadamu si ukuta, alikuwa akisema, leo mwembamba, kesho mnene. Ukiacha vidole viwili, mwenye nguo akinenepa unafumua na kupanua, maisha yanaendelea. Wateja wengine hata hawakujua kwamba akiba ipo. Mwalimu alijua, kwa kuwa nusu ya fumuafumua yake pale kigodani ilikuwa kuitafuta akiba hiyo.

Fundi alichukua chaki na kuchora mstari wa kiuno. Hakuuchora kwenye arobaini, aliuchora kwenye thelathini na saba. Akashona. Cherehani ilikimbia vizuri, haikukatika hata uzi, kana kwamba nayo imekubali. Kisha akaligeuza gauni nje ndani, akashika mkasi, na akiba ya vidole viwili, kulia na kushoto, kuanzia kwapani mpaka nyonga, akaikata yote. Aliacha upana wa kufungia uzi tu. Vipande vikaanguka chini kama maganda, akavifagia na kuvitupa kwenye pipa la taka. Gauni lile sasa lisingepanuliwa na fundi yeyote.

Alimwona Mama Keki akilini mwake, asubuhi ya mahafali, amekunja uso mbele ya kioo, zipu imegoma nusu ya mgongo, watu wanamvuta huku na huku. Ilimfurahisha. Hebu tuseme kweli, ilimfurahisha sana, na furaha hiyo ikadumu mpaka alipolipiga pasi. Mara mbili aliweka pasi chini na kulitazama lile gauni. Lakini la kufanya halikuwepo tena, kitambaa kikishakatwa kimekatwa. Gauni kubana si kifo, alijiambia, akalikunja.

Ijumaa jioni alipeleka yote mawili. Mwalimu alimkumbatia mlangoni, akanusa kitambaa kipya, akacheka kile kicheko cha tumboni na mkoromo wake.

"Kesho saa moja asubuhi uwe hapa. Tujiandae pamoja."

Wiki nzima Fundi alikuwa amejiapiza kwamba ataumwa kichwa siku hiyo. Lakini alitaka kuiona zipu.

"Nitakuja," alisema.

Saa moja asubuhi alikuwa sebuleni kwa Mwalimu, ndani ya kahawia lake. Binti alikuwa amekwishatangulia chuoni na wenzake. Mwalimu alitoka chumbani na kijani chake, na kwa kweli alipendeza, gauni lilimkaa kama alizaliwa nalo, na Fundi kwa dakika moja alisahau kila kitu akabaki na fahari ya kazi yake.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama Keki akaingia na keki mikononi, na ilikuwa mara ya kwanza Fundi kumwona bila aproni. Alivaa gauni la bluu, lenye mkanda. Jicho la Fundi, lililokuwa limelala miezi mitatu, likaamka na kufanya kazi yake bila kuombwa. Kiuno thelathini. Kikizidi sana, thelathini na moja.

Fundi akahesabu tena, ikawa ile ile.

"Sasa," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba siri mpaka imemchosha. Aliingia chumbani na kutoka na gauni la pili kwenye hanga. "Vua hilo kahawia, Mama. Leo hulivai."

Fundi alisimama tu.

"Usinitazame hivyo. Ningekwambia jishonee, ungesema ndiyo, ndiyo, halafu ungekuja na hilo hilo. Wateja hujawahi kuwachelewesha hata siku moja, na nguo yako mwenyewe hujawahi hata kuianza. Ikabidi nikuibie gauni kambani, huyu mwenzetu akalipima kwa kamba ya aproni yake na rula yangu ya shule, maana tepu ziko kwako. Nikafikiri nilipeleke kwa fundi mwingine. Nikajiambia, weee, ungeujua mshono wa mtu mwingine ungenigombeza mpaka nizeeke. Ikabidi ulishone mwenyewe." Akacheka. "Mtoto ana mama wawili. Leo wavae sawa."

Walimvua Fundi, wakamvalisha, wakicheka kwa ajili yake kwa kuwa yeye hakucheka. Gauni likapanda mpaka nyonga, likapanda kwa kusukumwa, likafika kiunoni. Mwalimu akashika zipu. Ikaenda kidogo, ikasimama.

"Vuta pumzi," Mwalimu alisema.

Fundi akavuta. Zipu haikusogea.

"Ni mimi," Mama Keki alisema, na mikono ikampanda mdomoni. "Jamani ni mimi, nimekosea kupima. Kamba yenyewe inanyumbuka. Nimeharibu kitambaa cha watu, nimeharibu na siku ya mtoto. Fundi, dada yangu, nisamehe." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwa Fundi. Alilihisi neno lenyewe, lilikuwa limefika kwenye meno, na akanyamaza. Aliacha yule mwanamke aendelee kuomba msamaha.

"Usilie bwana," Mwalimu alimwambia Mama Keki. "Humjui Fundi wewe. Huyu huacha vidole viwili kila ubavu, hata nguo ya mtoto mchanga. Dakika kumi nimeshafumua, dakika kumi ameshashona." Na alikuwa ameshaufikia mkoba wake, ameshatoa wembe.

"Usifumue," Fundi alisema.

"Kwa nini?"

"Usifumue tu."

Mwalimu alimshusha gauni begani, akaligeuza ubavuni, akautafuta mshono kwa vidole vilivyojua pa kwenda. Vidole vikasimama. Vikashuka mpaka nyonga, vikapanda tena. Akageuza ubavu wa pili. Alilitazama lile pindo lililokatwa kwa mkasi mkali, sawasawa, na uzi uliopitishwa juu yake kwa utaratibu. Mwalimu hakuwa fundi, ila alikuwa amekaa kwenye kile kigoda miaka kumi na tisa.

Akamgeukia Mama Keki.

"Hukukosea. Vipimo vyako ni sahihi," alisema kwa upole. "Kitambaa kimejivuta kwa pasi. Nenda utuletee ule mtandio wako mkubwa mweupe, tumfunike mgongo."

Mama Keki akatoka mbio, akishukuru mpaka kupitiliza. Wakabaki wawili.

"Ulidhani ni lake," Mwalimu alisema.

"Ndiyo."

"Ukalikata."

"Nilikuwa na wivu," Fundi alisema, na sauti ikamvunjika. "Nilikuwa nakusikia unacheka kule. Chai inapoa, mimi nakusikia unacheka kule. Nilihisi umenihama."

"Naenda kwake kwa sababu nampenda, Fundi. Na kwako nilikuwa naja kwa sababu nakupenda. Sikujua kwamba natakiwa kuchagua." Mwalimu alikuwa bado ameshika ubavu wa gauni. "Lakini hilo silo linaloniuma. Nilikwambia ni la mtu muhimu. Ukafikiri wee, siku nane. Haikukujia hata mara moja kwamba ni wewe?"

Kweli haikumjia. Fundi alikuwa amewaza jina moja tu, na halikuwa lake.

"Nivalishe kahawia langu," alisema mwishowe.

"Utavaa ulichoshona," Mwalimu alisema. Hakusema kwa ukali, na Fundi angependa zaidi kama angesema kwa ukali.

Akaenda hivyo hivyo. Zipu wazi mgongoni shubiri nzima, mtandio wa Mama Keki juu yake umebanwa kwa pini, na kiunoni gauni limemkaba kama mkono wa askari. Ukumbini aliketi wima kwa saa tatu. Hakuweza kuinama, hakuweza kupumua mpaka mwisho wa pumzi. Binti alipoitwa jina na kupita jukwaani na joho lake, aliwatafuta mamaze kwa macho, akaona kijani na kijani, akapunga mikono yote miwili. Fundi alitaka kupiga kigelegele, akafungua mdomo, kikatoka nusu.

Mama Keki, aliyeketi upande wake wa kushoto, akamwinamia. "Linakuumiza? Nisamehe, dada. Sijui nilipimaje ile kamba."

Ilikuwa mara ya nne kuomba msamaha tangu asubuhi. Fundi alitazama mbele.

"Acha kuniomba msamaha. Ulipima sawa. Nililibana makusudi, nikakata akiba yote. Nilidhani ni lako."

Jukwaani waliitwa majina mengine mawili, watu wakapiga makofi.

"Kwa hiyo lingekuwa langu," Mama Keki alisema taratibu, "ungenivalisha hivi mbele za watu?"

"Ndiyo."

Mama Keki aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei na kujibiwa. Baada ya muda Fundi alihisi mkono mgongoni. Mtandio ulikuwa umeteleza, na Mama Keki alikuwa akiuvuta ufunike zipu, akachomeka na pini mpya. Kisha akarudisha mikono yake mapajani na kuendelea kutazama jukwaa.

Jumapili Fundi alilifumua gauni lile kwa wembe mwenyewe, mshono kwa mshono, akaingiza ubavuni vipande virefu vya kitambaa cha kahawia. Vilitoka kwenye gauni lake la zamani. Havikufanana na kijani hata kidogo, na mtu yeyote angeviona kutoka mbali. Mumewe alisimama mlangoni kumtazama. Alikuwa ameshaambiwa yote.

"Ulijua," Fundi alimwambia. "Siku ile ya pipa la maji. Ulijua ni kiuno changu."

"Nimekishika miaka thelathini," alisema. "Nilidhani na wewe unakijua, unatania."

Jumatatu saa kumi kasorobo Fundi aliweka maji jikoni. Saa kumi alimimina chai, vijiko viwili vya sukari, akakisogeza kigoda mahali pake na kuweka juu ya cherehani nguo tatu za kufumuliwa. Kisha akakaa na kusikiliza. Kutoka nyumba ya tatu hakikusikika kicheko.

Saa kumi na dakika tano alisikia miguu uani. Aliijua miguu ile. Ilipanda ngazi mbili za jikoni, ikafika mlangoni, ikasimama. Fundi aliuona mlango umerudishwa tu, haujafungwa, kama ulivyokuwa siku zote.

"Hodi," Mwalimu alisema kutoka nje.

Miaka kumi na tisa Fundi alikuwa hajawahi kutakiwa kumjibu hodi.

"Karibu," alisema.